Mashine za Marehemu: Nani Anaruhusiwa Kuuza?



Katika kituo kimojawapo nilichopata kuhudumu upande wa mashariki mwa Uganda, mjane mmoja alitufikia mwezi mmoja baada ya mazishi ya mumewe. Alieleza kwamba karakana imebaki kuta. Mashine ya kukereza vyuma, mashine ya kuchomelea, kompresa na jenereta, vyote vilikuwa vimeuzwa na shemeji yake kwa mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka. Shemeji hakukana. Alisema alilipa deni la mazishi, na kwamba mali ya kaka ni mali ya ukoo. Mnunuzi naye alileta karatasi ya mauziano yenye sahihi za mashahidi wawili. Kila mmoja aliamini kwamba haki iko upande wake.

Katika Uganda, mtu anapofariki bila wosia, mali yake haihamii kwa mkubwa wa ukoo, wala kwa kifungua mimba, kwa tangazo la siku ya matanga. Anayeweza kuuza ni yule aliyepewa na mahakama hati ya usimamizi wa mirathi. Anayeuza kabla ya hapo anaingilia mali ya marehemu bila mamlaka, na hilo ni kosa la jinai, awe ndugu wa damu au asiwe. Sheria haimzuii mtu kuilinda mali, wala kugharimia mazishi na mahitaji ya haraka ya familia. Lakini mlango huo ni mdogo, na nimeona watu wakijaribu kupitisha jenereta.

Safari ya kuipata hati huanza kwa barua ya Mwenyekiti wa LC1 na cheti cha kifo kutoka mamlaka ya utambulisho na usajili, NIRA. Familia hukutana na kupendekeza msimamizi, kisha jambo hupelekwa kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa Serikali, ambaye akiridhika hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi. Ndipo ombi huenda mahakamani. Tangu marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya mwaka 2022, marehemu asiye na wosia akiacha makundi yote ya warithi, wazao hupata asilimia 75, mjane au wajane 20, wategemezi wengine 4, na mrithi wa kimila 1. Shemeji aliyeuza yote alikuwa akiuza fungu la watoto.

Wakati wa kungoja hati ndio wakati wa hatari, kwa hiyo fungeni karakana na mwandike orodha mbele ya mwenyekiti na fundi mwanafunzi wa marehemu, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kila kitu kilipo. Kila mashine ipigwe picha, na nambari ya kiwanda iliyo kwenye kibati chake inakiliwe. Msisahau viungo vidogo: taya za kushikia chuma, visu vya kukerezea, jiliwa, nyaya. Hivi huingia mfukoni kwa urahisi, na mashine isiyo navyo hupoteza sehemu kubwa ya bei.

Wekeni kando visivyo vya marehemu. Geti lililochomelewa nusu na pampu iliyoletwa kutengenezwa ni mali ya wateja. Na malipo ya awali waliyotoa ni deni la mirathi. Mashine nyingine huenda ilikodishwa, au iliwekwa dhamana ya mkopo. Chini ya sheria ya mwaka 2019 ya dhamana za mali zinazohamishika, dhamana za namna hiyo husajiliwa katika daftari la Idara ya Usajili, URSB. Ulizeni huko kabla ya kutafuta mteja.

Kuhusu bei, msikubali kuuza kwa kilo kama chuma chakavu. Iteni mafundi wawili wasiojuana na mnunuzi, na mashine iwashwe mbele yao. Hata hati ikiwa mkononi, msimamizi asiuze peke yake: ridhaa ya mjane na ya watoto waliofikia utu uzima iandikwe.

Nawe mnunuzi wa ng'ambo, dai kuona hati halisi ya mahakama, kitambulisho cha msimamizi na ridhaa hiyo. Mkataba utaje nambari ya kiwanda. Kisha pitia forodha, kwenye kituo cha pamoja cha Busia au Malaba. Wengi hudhani cheti rahisi cha uasili, kile cha bidhaa zisizozidi dola 2,000, kinatosha. Cheti hicho ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mashine iliyotengenezwa India au China haigeuki kuwa ya kwetu kwa kuzeekea Tororo. Mwulize ofisa wa forodha kinachotakiwa. Ukipita njia ya panya, hata mali uliyoinunua kihalali itashukiwa kuwa ya wizi.

Yule mnunuzi wetu alikuwa amepita njia hiyo. Kwa ushirikiano na wenzetu wa upande wa pili, mashine ya kukereza ilirudishwa kama kielelezo, jenereta haikuonekana. Nilipohamishwa kituo, kesi ilikuwa ingali mahakamani, na mashine ile ilikuwa uani, imefunikwa turubai, taya zake hazipo.