Uvimbe wa Tezi za Mate: Jinsi ya Kulijibu Swali la Mwanafunzi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja niliyekuwa nikimkagua alifundisha vizuri somo la kusagika kwa chakula, mpaka alipofikia tezi za mate. Hapo mtoto mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, mama ana uvimbe chini ya sikio. Hauumi, lakini huu mwaka wa pili hauondoki. Ni ugonjwa gani?" Mwanachuo alijibu upesi: "Usiogope. Kisichouma hakina madhara."

Jibu hilo lilitolewa kwa huruma, lakini lilikuwa kosa kubwa kuliko yote ya kipindi kile. Tutazame sababu zake.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Mwanadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate: mbele ya masikio, chini ya taya, na chini ya ulimi. Tena zimo tezi ndogo mamia kadhaa katika utando wa kinywa. Uvimbe mwingi huota katika tezi ya sikioni. Katika watu kumi wenye uvimbe wa tezi hiyo, takriban wanane uvimbe wao si saratani.

Uvimbe unaotokea zaidi huitwa adenoma pleomofiki, yaani uvimbe mchanganyiko. Hukua polepole kwa miaka, husogea ukisukumwa kwa kidole, na kwa kawaida hauumi. Chini ya hadubini huonekana seli za aina mbili: zile zinazotandaza vijia vya mate, na zile zinazovizunguka ili kuyakamua mate yatoke. Seli hizo zimezama katika kitu kama ute, na pengine kama gegedu. Viini vyake kwa kawaida hulingana, wala hazigawanyiki ovyo.

Wa pili ni uvimbe wa Warthin, unaowapata hasa watu wazima wavutao sigara. Seli zake kubwa hujipanga safu mbili, na kando yake husongamana seli nyeupe za kinga.

Kwa nini basi mwanachuo alikosea? Kwanza, baadhi ya saratani za tezi hizi nazo huanza polepole bila maumivu. Pili, uvimbe mchanganyiko ukiachwa miaka mingi huweza kugeuka saratani. Lakini lau angalisema, "Hiyo ni saratani," angalikosea vilevile, na kumtia mtoto hofu bure.

Jinsi uvimbe unavyotambuliwa

Daktari huanza kwa kupapasa na kuutazama uso. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso hupita ndani ya tezi ya sikioni. Kwa hiyo mdomo uliopinda au jicho lisilofumba ni dalili ya hatari. Kisha huvuta seli chache kwa sindano nyembamba. Seli hutandazwa juu ya kioo, hutiwa rangi, na kutazamwa kwa hadubini. Tiba ya uvimbe mchanganyiko ni kuukata pamoja na sehemu nzima kidogo inayouzunguka, maana gamba lake likipasuka na seli kumwagika, huweza kurudi.

Njia ya kufundisha

Hadubini shuleni ni adimu, lakini makande yapo. Leta sufuria ya makande yasiyokorogwa vizuri. Mwite mwanafunzi, mfumbe macho, achote kijiko kimoja na kutaja kilichomo. Wa kwanza atasema, "Mahindi." Wa pili, aliyechota upande mwingine, atasema, "Maharage." Uliza darasa: nani amesema kweli? Wanafunzi wataona wenyewe kwamba ukiwa nje ya sufuria hujui kilichomo, na kwamba kijiko kimoja huweza kudanganya. Ndivyo ilivyo sindano katika uvimbe mchanganyiko: pengine huleta ute mtupu, na jibu kamili hupatikana baada ya uvimbe wote kutolewa na kukatwa vipande vyembamba.

Eleza pia matubwitubwi, ambayo watoto huyajua zaidi. Hayo huja na homa na maumivu, na huisha katika muda wa wiki mbili hivi. Mwanafunzi mwenye uvimbe usiopungua baada ya muda huo asiachwe, apelekwe hospitali.

Jibu lifaalo

Mwalimu aseme: "Kwa kutazama tu, mimi sijui, na hata daktari hawezi kuwa na hakika. Aghalabu si saratani, lakini mama aende hospitali apimwe." Kukiri hivyo hakumwondolei mwalimu heshima.

Siku ya pili mwanachuo yule alisimama mbele ya darasa lile lile, akalisahihisha jibu lake, kisha akamwandikia mzazi barua fupi. Katika daftari langu niliandika kwamba hilo ndilo lililokuwa somo lake bora.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini uvimbe usiouma usipuuzwe?
2. Buni kifaa kingine, badala ya makande, cha kuonyesha kwamba sehemu ndogo huenda isiwakilishe kitu kizima.