Kompyuta inayochelewa kila inapowashwa

*Katika ofisi ya shule moja ya Masisi, kompyuta inayotumia umeme wa jua huchelewa sana kufungua Word asubuhi, ingawa baadaye huenda vizuri. Je, imechakaa? (Msomaji, Masisi)*

Kompyuta inayorudia kasi yake baadaye haielekei kuwa imechakaa. Dalili hiyo huelekeza kwenye programu za kuanzia, yaani zile zinazojifungua zenyewe mashine inapowashwa, ambazo kwa pamoja husoma diski na kujaza kumbukumbu ya muda, hata Word ikalazimika kungoja zamu yake. Diski ya zamani ya kuzunguka ndiyo huelemewa zaidi, na panapotegemewa umeme wa jua, kama Masisi au Walikale, ungojaji huo hula betri kabla kazi haijaanza, hasara isiyostahili kuvumiliwa.

Katika Windows 10, hubonyezwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha, kwenye mashine ya Kifaransa, katika dirisha linalotokea, hufunguliwa ukurasa wa Démarrage, ambao huorodhesha programu hizo pamoja na uzito wa kila moja. Inafaa kuzima moja tu, kuwasha mashine upya na kupima muda, kwani zikizimwa zote kwa mkupuo chanzo hakitajulikana. Kuzima huku hakuifuti programu. Kinga ya virusi isiguswe, lakini jina geni lichunguzwe, kwa sababu huenda ni virusi, ambavyo huenea kwa flashi.

Diski ikibaki ikitumika kwa asilimia 100 kwa muda mrefu, au ikitoa mlio wa kugonga, faili zinakiliwe kwingine kwanza, ndipo fundi aitwe.