SOMO LA WIKI: Mpunga huvunjikia shambani, si mashineni

Mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye mtaji uliolala huvutwa haraka na hesabu ya mpunga: kodi ekari tano Dakawa au Kilombero, tafuta vibarua, subiri miezi mitano, leta mchele Tandale. Hesabu hiyo huwa imeorodhesha kulima, kupanda na kupalilia, lakini husahau kwamba mnunuzi wa jumla halipi kwa idadi ya magunia tu. Analipa kwa punje nzima.

Tuanzie mashineni. Gunia la kilo 100 la mpunga uliokauka vizuri, likikobolewa kwenye mashine nzuri, hutoa takriban kilo 65 za mchele. Tuseme kilo ya mpunga imekugharimu shilingi 1,000 (tarakimu hii ni ya mfano tu). Mchele wake basi umekugharimu shilingi 1,540 kwa kilo kabla hujalipa ukoboaji na lori. Gunia hilohilo likitoa kilo 55, gharama hupanda hadi shilingi 1,820. Tofauti hiyo ya shilingi 280 inaweza kumeza faida yote ya mchuuzi. Tena katika hizo kilo 55 zitakuwamo chenga nyingi, ambazo bei yake ni ya mpika vitumbua, si ya mwenye hoteli.

Watu hulaumu mashine. Mashine mbovu zipo, lakini punje nyingi zinazovunjika huko zilikwisha kupasuka shambani. Mpunga ukiachwa umesimama baada ya kukomaa, jua la mchana huukausha na umande wa usiku huulowesha, na punje hupata nyufa ndani ya ganda bila mtu kuona. Kwa hiyo usingoje shamba zima likauke. Vuna wakati punje 80 hadi 85 katika kila 100 za suke zimekuwa na rangi ya majani makavu, yaani takriban mwezi mmoja baada ya masuke kutoka. Maji yaondolewe kwenye jaruba kama siku 10 kabla ya kuvuna, na mpunga upurwe mapema, si kuulundika kwa wiki nzima ukisubiri vibarua.

Kukausha ndiko kunakoharibu zaidi. Tandaza mpunga juu ya turubai kwa kina cha sentimita 2 hadi 4, ugeuze kila nusu saa, na jua likiwa kali mno saa za adhuhuri ukusanye na kuufunika. Lengo ni unyevu wa asilimia 14. Asiye na kipima unyevu hung'ata punje: ikikatika kwa mlio mkavu imeiva kwa ghala, ikibonyea bado. Anayeanika kando ya barabara hununua mchanga na mawe kwa jasho lake mwenyewe, maana mnunuzi wa Tandale huyaona kabla hajauliza bei.

Sasa mbegu. Katika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, mbegu ya IR54 ilizaa vizuri sana, lakini haina harufu, na mlaji wa Dar es Salaam hupenda mchele unaonukia. Supa ina harufu hiyo, ila ni ndefu na huchelewa kukomaa. Ukiijaza urea huanguka na suke likaozea matopeni. SARO 5, iliyotolewa mwaka 2002, ipo katikati: fupi, ina harufu kiasi, hukomaa kwa takriban miezi minne, na ikitunzwa vizuri kwenye maji ya uhakika huweza kufikia magunia 20 kwa ekari. Panda miche ya wiki tatu kwa mistari, sentimita 20 kwa 20, kilo 8 hadi 10 za mbegu zikitosha ekari. Urea igawanywe mara mbili: wiki mbili baada ya kupandikiza, kisha mpunga unapoanza kubeba mimba.

Mavuno ya Morogoro huja kwa wingi kati ya Mei na Julai, na hapo ndipo bei huwa chini. Mwenye subira huhifadhi mpunga, si mchele, kwa sababu ganda huilinda punje. Hata hivyo subira ina hatari yake, na hatari hiyo inaonekana kutoka ghorofani Kariakoo: bandari. Mwaka 2013 serikali iliruhusu mchele wa nje kuingia bila ushuru, na bei ya mpunga mashambani ikaporomoka. Waliokuwa wamekopa ili kuhifadhi waliumia kuliko waliouza mapema. Kwa maoni yetu, asiye na mtaji wa pembeni auze nusu wakati wa mavuno.

Mtaji huo wa pembeni waweza kutoka kwenye mboga zinazofuata mpunga, kama mfereji una maji wakati wa kiangazi. Bamia huanza kuchumwa kwa takriban miezi miwili. Nyanya hukaa kitaluni wiki nne, kisha shambani karibu miezi mitatu. Hesabu kutoka siku ya soko kurudi nyuma, Ramadhani ikiwa mfano mzuri, usianze na siku uliyopata mbegu. Nyanya za masika hupata bei nzuri kwa sababu ukungu umeua za wengine, na waweza kuua zako pia. Tangu mwaka 2014 yupo pia kantangaze, mdudu anayetoboa jani na tunda. Kagua shamba kila siku chache. Kuhusu lumbesa, sheria ya vipimo inaikataza, hivyo uza kwa kilo.

Mchicha ni wa jirani na jiji kwani haustahimili safari, ila maji ya Msimbazi yamekutwa na madini mazito.

Aliyeamua kulima nyanya aombe kuonyeshwa mfereji mwezi Septemba, si Mei, na aulize zamu ya maji ya jaruba lake ni siku gani na nani yuko juu yake.