Virginia McKenna na Simba wa Naro Moru

Ukitoka Nyeri kwenda Nanyuki utapita Naro Moru. Huko ndiko ilikopigwa filamu ya "Born Free", iliyotoka mwaka 1966. Inasimulia jinsi Joy na George Adamson walivyomlea simba Elsa, wakamrudisha porini Meru.

Joy aliigizwa na Virginia McKenna, mzaliwa wa London wa mwaka 1931. George aliigizwa na mume wake halisi, Bill Travers. Simba nao walikuwa wa kweli, si mchezo! McKenna alivunjwa kifundo cha mguu na mmoja wao.

Kazi ilipokwisha, simba wengi walipelekwa kufungiwa katika bustani za wanyama. Boy, Girl na Ugas tu ndio waliopewa George awazoeshe kuishi porini Meru. Sasa fikiria, filamu inasifu uhuru, halafu waigizaji wake wanafungwa! McKenna na mumewe hawakuridhika kamwe.

Baadaye walipiga filamu nyingine hapa Kenya pamoja na ndovu mdogo wa kike, Pole Pole, aliyekuwa ametolewa zawadi kwa bustani ya wanyama ya London. Walitaka kumnunua ili aachiliwe, lakini wakaambiwa kwamba mwingine atakamatwa badala yake. Basi wakanyamaza, Pole Pole akaenda. Alifia huko mwaka 1983, akiwa bado kijana kwa umri wa ndovu.

Mwaka 1984 McKenna, Travers na mtoto wao Will wakaanzisha Zoo Check, shirika ambalo leo linaitwa Born Free Foundation.