Kwa Nini Sauti Hufifia Maikrofoni Inapofunguliwa?

Mwanafunzi anasikiliza muziki katika kompyuta kwa hedifoni zisizo na waya. Sauti ni safi. Anajiunga na somo la mtandaoni, na mara muziki unakuwa hafifu kama utokao katika simu ya zamani. Wengi hudhani hedifoni zimeharibika, wakapoteza fedha kununua nyingine.

Hedifoni za Bluetooth hupokea mawimbi ya redio ya karibu gigahezi 2.4. Katika mfumo uliozoeleka zipo njia mbili. Njia ya muziki hupeleka sauti upande mmoja tu, aghalabu kwa sampuli 44,100 kila sekunde. Njia ya simu hupeleka na kurudisha sauti kwa wakati mmoja. Hivyo sampuli hupunguzwa hadi 16,000, au hata 8,000, na masikio yote mawili hupata sauti ileile. Tukumbuke kwamba sampuli haziwezi kubeba mitetemo inayozidi nusu ya idadi yake. Sampuli 8,000 hukomea chini ya hezi 4,000, na mlio mkali wa matoazi hupotea.

Jaribu hivi: katika mipangilio ya sauti, chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, hedifoni zibaki za kusikilizia tu. Funga pia programu nyingine zitumiazo maikrofoni ya hedifoni. Sauti ikirejea, chanzo ni hicho.

Sauti inayokatikakatika ni jambo jingine. Hapo chunguza umbali, kuta, na hata mwili wako mwenyewe, kwani maji yaliyomo hufyonza mawimbi hayo.