SOMO: GUNIA LIMEJAA, LAKINI JE, NI SALAMA?

Tukisikia habari za mabadiliko ya tabianchi, jambo la kwanza tunalofikiri ni mavuno kupungua. Ni kweli. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba ukuaji wa tija ya kilimo barani Afrika umepungua kwa asilimia 34 tangu mwaka 1961 kwa sababu hiyo. Lakini somo la leo ni juu ya mahindi ambayo tumefaulu kuyavuna.

Iko sumu inaitwa aflatoksini. Ndugu zetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Inatengenezwa na kuvu, yaani ukungu wa rangi ya kijani unaoota juu ya punje, hasa za mahindi na karanga. Kuvu hiyo inakaa katika udongo na inapenda joto. Mvua ikikatika wakati punje zinajaa, mmea unadhoofika, wadudu wanatoboa punje, nayo kuvu inapata mlango kabla hata hatujavuna. Kisha mvua isiyo ya majira inanyesha wakati wa kuvuna, na mahindi yanaingizwa nyumbani yakiwa na maji. Jua mahali pa mvua, mvua mahali pa jua: ndiyo hali tunayoiona siku hizi.

Kenya, mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Wengi walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe, yaliyowekwa mabichi ndani ya nyumba. Sumu ilipiga ini: macho yakawa ya manjano, matumbo yakavimba. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania, Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 na vifo 20. Tena si Afrika peke yake. Serbia, nchi ya Ulaya ambayo haikuwa na hofu kubwa ya sumu hii, ilipata kiangazi cha joto kali na ukame mwaka 2012. Mahindi yakaharibika, ng'ombe wakayala, na mwaka uliofuata sumu ikaonekana katika maziwa.

Hao waliokufa walikula nyingi kwa muda mfupi. Mtu anayekula kidogo kidogo kwa miaka haoni kitu, lakini anajitengenezea hatari ya saratani ya ini, zaidi sana kama ana ugonjwa wa hepatitisi B.

Wengine husema, moto unaua yote. Hapana. Kupika ugali hakuiondoi sumu hii, wala kuchachusha pombe hakuiondoi (na wanaopika pombe wananielewa). Kumpa kuku au ng'ombe si dawa pia.

Sasa mama mmoja ataniuliza: Mchungaji, mgao umepungua, nitupe chakula watoto walale njaa? Swali hilo ni la haki. Sisemi utupe gunia. Sema na watoto mkae chini mchambue: punje zenye ukungu, zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zitoke. Sehemu kubwa ya sumu iko katika hizo chache. Kuchambua hakumalizi yote, maana hata punje nzuri kwa macho inaweza kuwa nayo, lakini kunapunguza sana.

Kuzuia ndiko bora. Anikeni juu ya turubai, si juu ya udongo. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji; rudisha juani. Ikianguka yote chini, unaweza kuhifadhi. Ile mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, ila ukifungia humo mahindi mabichi umejiharibia mwenyewe. Tunaposoma habari za Yusufu katika Mwanzo 41 tunahesabu wingi wa nafaka tu. Nafaka ya kukaa miaka saba ilihitaji pia kuwa kavu.

Mahindi yanayoletwa kanisani kwa ajili ya wajane na wazee nayo yapimwe kwa chupa kabla ya kuingia stoo. Chupa na chumvi viko kwa mashemasi.