Darsa la Ramadhani, Siku ya 9: Vepu Mfukoni, Sigara Moyoni



Ndugu zangu wa Hirbadaw, na mnaotufuatilia kutoka Katesh, Basotu, Mbulu na Haydom, tumshukuru Allah aliyetufikisha siku ya tisa. Darsa la leo limetokana na ujumbe wa ndugu yetu mmoja, jina lake tunalisitiri. Anasema aliacha sigara mwezi wa Shaaban, akanunua ile sigara ya umeme, vijana wanaiita vepu. Mchana anafunga vizuri tu. Lakini adhana ya Magharibi ikishatoka, tende iko mdomoni, anachokitamani si uji wala chapati. Ni sigara. Sigara yenyewe, ya karatasi na moto. Anavuta vepu, haimtoshi. Anauliza: mbona nimebadilisha na hamu haijaondoka? Na kama mchana nafunga, si bora nirudi tu kwenye nne zangu za usiku?

Najua wapo wengi wenye swali hilo hilo ila hawajaandika. Basi tulizungumze, bila kumcheka mtu.

Kwanza tumalize la mchana, maana kuna maneno yanazunguka vijiweni kwamba vepu haifunguzi kwa sababu "ule ni mvuke, si moshi". Hapana, ndugu yangu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kitu chenye umbo kikiingizwa ndani ya mwili kwa makusudi kupitia tundu la wazi, kama mdomo au pua, swaumu imebatilika. Na ule mvuke una umbo: ni maji ya glisirini na kemikali nyingine, ladha, na nikotini, yaliyopashwa moto na betri. Puliza kwenye kioo uone utando unaobaki. Aliyevuta mchana huku anajua hukumu, swaumu ya siku hiyo imeharibika. Anajizuia mpaka Magharibi, anatubu, na baada ya Idi analipa siku yake. Kafara hana, hiyo kwetu ni ya aliyevunja swaumu kwa jimai. Na wazee wangu wa ugoro msitabasamu: pua nayo ni tundu la wazi.

Sasa turudi kwenye hamu yenyewe.

Kinachomfunga mvutaji ni nikotini. Ikiingia mwilini haikai sana. Kila baada ya saa mbili hivi, nusu yake inakuwa imeondoka. Fanya hesabu. Umekula daku, ukavuta ya mwisho kabla ya alfajiri. Huku kwetu swaumu ni kama saa kumi na tatu na nusu. Ikifika adhuhuri imebaki kidogo mno, na ikifika alasiri hakuna kitu cha maana. Hapo ndipo kichwa kinaanza kugonga, hasira zinapanda, mke akiuliza chumvi iko wapi anajibiwa kama kaiba. Vijana wanaita arosto. Wengi wetu tunasema "ni swaumu hiyo". Si swaumu. Mtoto wako wa miaka kumi na tatu amefunga saa zile zile na bado anacheza mpira.

Kwa hiyo Magharibi inamkuta mvutaji akiwa na njaa mbili, na ile ya pili ina sauti kubwa zaidi. Vepu inaipa nikotini, ndiyo, lakini kuna mambo matatu inakosa. Nyingi zinaifikisha nikotini kwenye ubongo polepole kuliko sigara, hasa kifaa kikiwa dhaifu au ukiwa hujazoea kukivuta. Pili, moshi wa sigara una vitu vingine vinavyoongeza nguvu ya uraibu, na mwili unavikumbuka. La tatu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: mazoea. Mkono umezoea kuchomoa, kuwasha, kukung'uta majivu. Umezoea kutoka nje na fulani, kusimama pale pale ukutani, kikombe cha chai mkono wa kushoto, baridi ya Hanang inapiga. Saa ile ikifika, mahali pale na rafiki yule wanakuita kabla hata hujafikiria. Umebadilisha kifaa tu. Saa, mahali na rafiki ni wale wale.

Halafu kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Moshi wa sigara huufanya mwili uondoe kafeini haraka, na kinachofanya hivyo ni moshi, si nikotini. Ukiacha moshi, hata kama unavuta vepu, kahawa yako ile ile na chai yako ya rangi vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, karibu mara mbili. Mtu anakunywa vikombe vitatu baada ya tarawehe, moyo unamdunda, usingizi hauji, anasema "nimeshindwa, nahitaji sigara". Kumbe ni kahawa. Punguza iwe nusu, na uone.

Je, nne za usiku? Hapa niseme wazi: usirudi. Watu wanadhani sigara chache zina hatari chache kwa kiasi kile kile. Kwa moyo si hivyo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulikusanya tafiti nyingi na kukuta kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo na kiharusi anayobeba mvutaji wa ishirini. Moja! Wewe unazungumzia nne, tena kwa mfululizo, juu ya tumbo lililokaa tupu mchana kutwa. Na anayechanganya, vepu mchana wa kawaida na sigara usiku, bado anaingiza moshi ule ule wenye lami na gesi inayokaba damu. Kwa hiyo kati ya viwili hivyo, kwa mtu ambaye tayari ni mvutaji, vepu ina madhara madogo. Nalisema kwa sababu ni kweli, na kuna watu wakisikia kwamba vyote ni sawa wanarudi kwenye kile kibaya zaidi.

Lakini hapo pia kuna mtego. Mwaka 2019 Waingereza walichapisha utafiti wa wavutaji 886 waliotaka kuacha. Kundi moja walipewa vepu, la pili wakapewa bandiko, bigijii na dawa nyingine za nikotini, na wote walishauriwa kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Baada ya mwaka mmoja, walioachana na sigara upande wa vepu walikuwa 18 kwa mia, na upande wa pili karibu 10 kwa mia. Vepu ilishinda. Ila tazama kipande cha pili: miongoni mwa hao walioacha kwa vepu, 80 kwa mia bado walikuwa wanavuta vepu mwaka umepita. Wa upande wa pili waliokuwa bado wanatumia dawa zao walikuwa 9 kwa mia. Yaani wengi walihama nyumba, hawakutoka utumwani.

Tukumbuke Allah alivyowatoa Waislamu wa mwanzo kwenye pombe. Sisemi tumbaku na pombe zina hukumu moja. Wanazuoni wa zamani walihitilafiana juu ya tumbaku tangu ilipoingia nchi za Kiislamu, al-Qalyubi wa madhehebu yetu akaiharamisha, Abdul-Ghani al-Nabulsi wa Damascus akaandika kitabu kuitetea, na wa leo wengi wanaiharamisha baada ya madhara yake kujulikana. Ninachotaka ni njia iliyotumika. Katika Al-Baqara 219 watu waliambiwa madhara yake ni makubwa kuliko manufaa. Kisha An-Nisaa 43 ikawazuia wasiikaribie swala wakiwa wamelewa, na kwa swala tano muda wa kunywa ukabaki finyu, usiku baada ya isha na asubuhi baada ya alfajiri. Kisha Al-Maida 90 ikafunga mlango kabisa. Anas bin Malik radhiyallahu anhu anasimulia, kama ilivyo kwa Bukhari na Muslim, kwamba alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, tangazo likapita, akaambiwa amwage, pombe ikatiririka katika njia za Madina.

Hakuna aliyesema "nimalizie hiki kilichobaki". Nadhani sababu mojawapo ni kwamba ile hatua ya kati ilikuwa imeshafanya kazi yake. Miili ilikuwa imeshajifunza kukaa saa nyingi bila. Ila hatua ya kati haikugeuzwa kuwa makazi. Ramadhani inakupa wewe hatua kama ile: saa kumi na tatu na nusu kila siku, siku ishirini na tisa au thelathini, na inakubana ubaki na dirisha la usiku tu. Vepu nayo, kwa aliyekwisha kuingia, ni hatua ya kati. Swali la kujiuliza usiku wa leo ni moja: hatua yangu hii ina tarehe ya mwisho?

Ikiwa haina, iwekee. Ningependekeza hivi. Angalia kwenye kichupa au kwenye boksi, pameandikwa miligramu ngapi za nikotini kwa kila mililita. Zile za kutupa nyingi ni 20, zipo hata za 50. Zile ambazo huwezi kubadilisha maji yake ni ngumu kupunguza, na ni bora kuwa na ile ya kujaza. Teremka taratibu, wiki mbili tatu kila ngazi: 20, 12, 6, 3, kisha sifuri. Ukiteremka na ukaona sigara inakuita kwa nguvu, umekwenda haraka. Panda ngazi moja, kaa, kisha shuka tena. Kupanda huko si kushindwa. Kushindwa ni kwenda dukani kuomba moja ya kuwashia.

Na ile saa ya futari yenyewe? Hamu ikija hupanda, ikafika kileleni, ikashuka yenyewe, na mara nyingi yote ni dakika tano mpaka kumi. Kwa hiyo kazi yako ni kuzijaza hizo dakika. Tende na maji, kisha simama uende msikitini kwa swala ya Magharibi, usibaki kwenye ukuta wako. Chukua mswaki, ule wa mti. Najua Shafii tunaukirihisha kwa mfungaji baada ya jua kupinduka, lakini jua likishatua hakuna mjadala, ni sunna na thawabu. Mkono unapata cha kushika, mdomo unapata cha kutafuna, na pumzi inakuwa safi kwa tarawehe. Mtume swallallahu alayhi wasallam alimzuia aliyekula vitunguu na thumu asije msikitini kuwaudhi watu na malaika, na huyo alikula chakula cha halali. Vepu yenye harufu ya embe haimuudhi jirani kwenye safu, kweli, lakini usiruhusu embe ikudanganye kwamba umeshapona.

Mwambie yule rafiki wa ukutani. Huyu ni muhimu kuliko bandiko. Mwambie: nimeacha, usinipe hata nikikuomba. Bora zaidi mwacheni pamoja.

Bandiko la nikotini la kubandika kwenye ngozi, kama utalipata famasi za mjini au kupitia kwa daktari, halifunguzi. Ngozi si tundu la wazi, na Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah lilishasema mwaka 1997 kwamba mafuta na mabandiko ya dawa ya juu ya ngozi hayabatilishi swaumu. Kwa hiyo wale wanaokata tamaa saa tisa alasiri, njia ya halali ipo. Bigijii za nikotini ni za usiku tu. Mwenye presha, kisukari au moyo amuone daktari kwanza.

Kwa vijana ambao hamjawahi kuvuta, nasema na nyinyi mnaoona vepu ni mtindo mkitoka Arusha: yote niliyosema juu ya hatua ya kati hayawahusu. Huwezi kutoka mahali ambapo hujaingia. Wenzetu Uganda waliipiga marufuku kabisa kwa sheria ya mwaka 2015. Na wazazi, yale maji ni sumu. Mtoto mdogo akiyanywa, hata kidogo, anaweza kufa. Yasikae dirishani karibu na juisi.

Ndugu yetu uliyetuandikia, siku tatu za kwanza bila nikotini kabisa ndizo kali kuliko zote, na baada ya hapo inalegea wiki kwa wiki. Ukitaka tarehe yako iwe ndani ya kumi la mwisho, una siku kumi na moja za kujiandaa. Leo baada ya tarawehe, wanaotaka kuandika tarehe zao wabaki kidogo upande wa kulia wa mimbari. Hatusomi majina kwenye kipaza sauti. Asiyeweza kufika aandike tarehe tu kwenye ujumbe wa faragha, tutaiombea dua kwa tarehe yake.

Kesho inshaallah: zaka ya mifugo, kwa wenye ng'ombe kuanzia thelathini na mbuzi kuanzia arobaini. Njooni na hesabu zenu.

Wabillahi tawfiq.